Bia ya Mashine Kuukuu

Fundi mitambo wa kiwanda chetu cha masweta, hapa El Alto, ana vidole vyeusi kwa grisi. Kila asubuhi huipapasa mashine kuukuu ya kufuma kama anayemwamsha mkewe, ndipo aiwashe. Jumanne ya kanivali, siku ya kuzivika mashine riboni na kuzimwagia bia ya baraka, sote tuliizunguka mashine mpya ya kompyuta iliyoletwa juzi. Fundi akaifuata kuukuu yake na chupa nzima ya bia.

"Wee mzee, hiyo kesho inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu!" akafoka Bi Casimira, mwenye kiwanda. "Bia ya nini?"

Akamimina taratibu. "Ile mpya haijafuma hata soksi, mama. Huyu bibi kizee wa chuma ndiye aliyeinunua, kwa masweta yake."

Bi Casimira akavua riboni za sherehe alizovaa shingoni, akaja kuivika ile kuukuu.