Mguu wa Mama Mkwe

Kuna watu wanadhani pikipiki inaendeshwa kwa mikono. Waulize vijana wa kijiweni kwetu Morotonga, watakuonyesha jinsi ya kuvuta mafuta na kubana krachi, tena kwa mbwembwe. Waulize mguu unakaa wapi, wanacheka. Mimi nimekula mkate wa pikipiki kwa miaka, na nakuambia chombo hiki kinaendeshwa kwa miguu na kiuno. Kikanyagio unakikanyaga kwa ile nyama ya mbele ya unyayo, siyo kwa kisigino. Vidole vinaangalia mbele, havining'inii. Magoti yanabana tangi. Ukifika kwenye mashimo unajiinua kidogo, miguu inabeba mwili, mgongo unapona. Kwenye kona unalala na chombo, na ukishindana nacho kitakutupa mtaroni, utabaki unasingizia mchanga.

Abiria naye ni hivyo hivyo. Mimi abiria wangu nampanga kabla sijawasha: kaa katikati, kanyaga huku na huku, shika chuma cha nyuma, nikilala na wewe lala. Wengine wananuna. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia mimi si mume wake hata nimpangie miguu. Nikamwambia sawa mwalimu, basi msubiri mumeo aje akubebe. Akanitazama weee, halafu akapanda akakaa nilivyomwambia.

Wanaonishinda ni wanawake wanaokaa upande. Miguu yote inakwenda kushoto, kwa sababu kulia kuna bomba la moshi linaunguza. Lakini kushoto huko huko ndiko kuliko na cheni. Mguu mmoja unapata kikanyagio, mwingine unabaki unaelea karibu na tairi. Waliotengeneza pikipiki walilijua hilo, wakaweka chuma cha wavu pembeni mwa tairi la nyuma ili nguo na mguu visiingie. Zikifika kwetu, kitu cha kwanza kukatwa ni hicho chuma, eti kinasumbua wakati wa kufunga mzigo. Huko Nyamongo ndiyo kabisa. Pikipiki inashinda ikibeba viroba vya mawe ya dhahabu, nani ana habari na gauni la mtu?

Haya yote nayasema kwa sababu ya mama mkwe wangu, na nayasema kwa hasira. Sitaficha.

Sisi Wakurya, mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Nikimwona anakuja njiani nachepuka, au anachepuka yeye, atakayewahi. Salamu inapigwa kwa mbali, macho chini. Shikamoo mama. Marahaba baba. Imeisha hiyo. Hukai alipokaa, hakai ulipokaa, na kugusana ndiyo usiseme. Wageni wakisikia wanadhani ni chuki. Siyo chuki, ni heshima, na mimi yule mama nilimpenda. Alikuwa mjane kule Kerende. Shamba lake liko mteremkoni, mbali na nyumba, na kila mhogo ulioliwa pale kwake ulipanda na kilima kichwani mwake. Ndivyo alivyomlea binti yake na kumsomesha, mpaka nikaja mimi kumwoa. Miguu ya yule mama ndiyo iliyokuwa mume wa nyumba ile.

Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, alimtaka mama yake. Mwanamke aliyepasuliwa hawezi kuinama, hawezi kuteka maji, na mimi kumkanda nitajulia wapi? Tukamwombea mama chumba kwa jirani, maana kulala kwangu haiwezekani. Siku ya mke wangu kuruhusiwa hospitali, mama alikuwa bado yuko Kerende. Gari la asubuhi lilikuwa limeharibika, la jioni halina uhakika. Basi nikasema nitamfuata kwa pikipiki. Siyo kwa yangu peke yake. Nilimchukua na rafiki yangu, Msukuma aliyekuja huku kuchimba dhahabu, mashimo yakamkataa, akanunua pikipiki.

Njiani akaniuliza, "Sasa mura, pikipiki unayo, mkwe ni wako, na anakwenda kwako. Mimi nimekuja kufanya nini?"

"Kumbeba."

"Na wewe?"

"Nitawasindikiza."

Alicheka mpaka akasimamisha pikipiki. "Nyie Wakurya nyie, mna kazi," akasema.

Kerende nilisimama nje ya ua kama inavyotakiwa, nikapiga salamu, mama akaitikia kutoka ndani. Aliyekuwa anatoka na kuingia na maneno yetu ni shemeji yangu, mke wa kaka yake mke wangu. Nikiwa nasubiri, nikaangalia pikipiki ya Msukuma kwa macho ya kazi. Siku zote nimeiona, ila sikuwahi kuiangalia kama chombo cha kumbeba mama. Wavu wa tairi hakuna. Kikanyagio cha abiria upande wa kushoto kilikatika zamani, akachomelea kipande cha nondo, kifupi, unyayo mmoja tu unaenea kwa shida. 

Nikamwambia shemeji, "Mwambie mama apande pikipiki yangu. Rafiki yangu ataiendesha, mimi nitaendesha ya kwake."

Akaingia. Akatoka. "Mama anasema kile kiti wewe unakikalia."

"Tutatandika khanga."

Akaingia tena, akatoka. "Anasema khanga haiondoi kitu."

"Basi kwenye hiyo nyingine asikae upande. Akae kama wanavyokaa wanaume, akanyage huku na huku. Kule njiani ni mashimo matupu."

Shemeji alinitazama utafikiri nimetukana. "Niende nikamwambie mama kwamba mkwe wake amesema akae ametenganisha miguu? Nikaseme hivyo?"

Ungekuwa wewe ungesemaje?

Mama akatoka amejifunga khanga, nyingine begani, kikapu mkononi. Akakaa upande. Mguu wa kulia ukapata ile nondo. Wa kushoto ukabaki hewani.

Mwanzo nilitangulia mimi. Lakini kiangazi kile vumbi lilikuwa linapanda mpaka huoni, na nilipogeuka nikamwona mama amejifunika uso. Kumtimulia mama mkwe vumbi ni ufedhuli mwingine. Nikapisha, nikawa nyuma. Hapo ndipo nilipouona ule mguu vizuri. Sikutakiwa kuutazama, na sikuwa na kingine cha kutazama. Kila tundu pikipiki ikiingia, mguu unashuka, unarudi ndani kidogo, kisigino kinakaribia spoki, halafu unatoka. Nikapiga honi. Msukuma akadhani namwambia anachelewa, akanyoosha mkono juu kunijibu, akaongeza mwendo. Mungu wangu, nilimtukana yule mtu ndani ya kofia yangu matusi yote ya kwetu na ya kwao.

Tulipofika Mto Mara nikawapita, nikawasimamisha. Nikamvuta rafiki yangu pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie mama aweke miguu yote miwili juu ya ile nondo. Na upunguze mwendo."

"Si umwambie mwenyewe, yuko hapo."

"Nimesema mwambie wewe!"

Akaenda, akamwambia kwa adabu. Mama akaupandisha mguu wa kushoto juu ya wa kulia, tukaondoka. Kwa muda ulikaa. Lakini nondo fupi namna ile miguu miwili inakaa mpaka lini? Goti linachoka, unyayo unateleza. Tukiwa tunaushuka mteremko mmoja wenye korongo, ukashuka tena, na safari hii haukutoka nje. Ulibaki kule kule ndani, na Msukuma ameachia breki.

Nikapiga kelele. Sikufikiri mila wala nini. Nilisema, "Mama, mguu! Inua mguu!"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wote waliposhindwa kunielewa. Mama alinisikia. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kusikia sauti yangu ikimwambia kitu zaidi ya shikamoo, na leo mkwe wake anapaza sauti barabarani, anautaja mguu wake. Mtu mwingine yeyote angeuinua. Yeye alishikwa na aibu. Alidhani amekaa vibaya, amebaki wazi, na mimi niko nyuma nimeona. Badala ya kuinua mguu akauficha. Akauvuta chini ya kiti, akaishusha khanga ya begani haraka haraka kufunika miguu, na pindo la khanga likaenda kwenye tairi.

Likazungushwa. Likauvuta mguu.

Sitaeleza sauti niliyoisikia. Pikipiki ililala, Msukuma akarukia kule, mama akabaki chini, mguu umeshikwa kati ya cheni na rimu. Nilikata khanga kwa kisu, nikarudisha tairi nyuma kwa mkono, taratibu, nikautoa mguu. Ulikuwa unaning'inia. Damu ikaanza kwenda. Nilipopitisha mkono mgongoni mwake nimwinue, mama alinisukuma. Mwanamke yuko katika hali ile, bado ana nguvu za kunisukuma.

"Usinishike, baba," akasema. "Usinishike."

"Nakushika, mama."

"Mwite yule mwingine."

Yule mwingine alikuwa anatapika kwenye majani. Nikamshika. Nikamfunga mguu kwa shati langu, na barabara haina gari wala mtu. Tukampandisha kwenye pikipiki yangu, kwenye kiti kile kile alichokikataa. Msukuma mbele, mama katikati, mimi nyuma, mshikaki. Akakaa kama wanavyokaa wanaume, miguu huku na huku, hakukuwa na namna nyingine. Mgongo wake kwenye kifua changu. Mkono wangu mmoja ulimzunguka kiunoni asianguke, mwingine ulishuka ukaushika ule mguu kwenye kifundo, nikaukaza. Nikamwambia Msukuma akae sawa, magoti kwenye tangi, asikate kona kwa pupa. Akaendesha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Njia nzima mama hakulia maumivu. Alilia aibu, nilimsikia, alikuwa anamwomba Mungu asikutane na mtu anayemjua.

Hospitali walijitahidi. Mguu haukushikika, wakaukata juu ya kifundo. Mke wangu, mwenye nyuzi zake tumboni na mtoto mchanga mgongoni mwa jirani, ndiye aliyekaa kitandani kumuuguza mama aliyekuwa aje kumuuguza yeye.

Halafu wazee wa ukoo wakaniita. Nilikwenda nikijua tutaongelea shamba la mama nani atalilima, na pikipiki zetu zinazokatwa wavu. Wapi. Walitaka kujua nilimshika mkwe kwa mikono mitupu au kwa nguo. Walitaka kujua alikaaje, na mimi nilikaaje, na kwa umbali gani. Mzee mmoja alinitaka nionyeshe kwa kukaa kwenye benchi na kijana mwenzangu. Nikaonyesha. Wakatikisa vichwa. Akachinjwa mbuzi wa kututakasa, mimi na mama, na nikaambiwa nishukuru mambo yameisha kirahisi. Nilishukuru. Nilitamani kuligeuza lile benchi, lakini nilishukuru.

Sasa hivi mama anashinda mlangoni kwake Kerende, kwenye kigoda, gongo la kutembelea liko ukutani. Shamba lake analima mwanawe, tena robo tu, kwingine ni majani. Nikienda nasimama nje ya ua, napiga shikamoo. Haitikii. Zamani angalau nilikuwa na ile marahaba. Shemeji anatoka kuniambia mama anaona haya, nisije mara kwa mara.

Hayo nayameza. La mke wangu ndilo lililonikaa kooni. Tulikuwa tunachambua maharage, mtoto amelala, mimi nasimulia habari za kijiweni. Akaniuliza bila kuinua macho, "Siku ile, mama ulimshika wapi?"

Nilidhani sikusikia. "Nini?"

"Nakuuliza tu. Watu wanasema. Ulimshika wapi?"

Nikasubiri acheke, au alie, aseme jamani basi yaishe. Alikuwa ameshika ungo, anasubiri jibu kweli.

"Mguu," nikamwambia. "Nilimshika mguu, usidondoke, mpaka madaktari walipoupokea mikononi mwangu."