Mtoto Waliyeturudishia

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Sikonge, nyumba zetu zilipangwa mstari mmoja juu ya njia ya zamani ya misafara. Bibi hakuipenda hata kidogo. Alisema wapagazi walioanguka njiani hawakuzikwa, na mtoto akiitwa kutoka upande ule asiitike. Mimi nilikuwa darasa la sita, najiona msomi, nikamcheka.

Mwaka huohuo watoto waliokunywa maji ya kisima kimoja wakaugua manjano. Macho yakawa na rangi ya kiini cha yai, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na baada ya majuma machache wote wakapona, wakarudi kucheza. Mdogo wangu wa miaka sita alipona pia. Miezi miwili baadaye akawa wa njano tena, peke yake kijiji kizima. Alijikuna mpaka akajichubua, tumbo likajaa, fizi zikatoka damu bila sababu. Wenzake wakaanza kumkimbia. Zahanati walisema ni manjano yaleyale yamerudi. Bibi alisema ameitika alipoitwa.

Mama, mjane asiyependa maneno mengi, akatupakia kwenye lori la tumbaku hadi hospitali mjini Tabora. Daktari, mzee mwenye sauti ndogo, alimbonyeza tumbo, akauliza kama tumempa dawa za miti, akauliza tena. Damu ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kwa treni. Tulingoja majibu majuma manne, na kila asubuhi mama alimfunua mtoto kope kabla ya kumsalimia mtu yeyote wodini.

Majibu yalipokuja, daktari alituita.

"Vijidudu vya manjano vilishaondoka zamani, mama. Unawajua mgambo wakiitwa kumfukuza mwizi? Mwizi kakimbia, wao wanaendelea kuwapiga wenye nyumba. Ndivyo mwili wa mtoto unavyolifanya ini lake. Nadhani ni hivyo. Sina hakika yote."

Akanikabidhi mimi vidonge, kwa kuwa nilijua kusoma. Kila siku, bila kuruka hata moja, mpaka yeye aseme basi. Uso utajaa, alisema, msiogope. Tulidhani atanenepa tu.

Manjano yakatoweka. Uso wa mdogo wangu ukawa duara, macho yakazama, mashavu yakaota vinyweleo laini. Alikula ugali wa mtu mzima, akakwangua chungu, kisha akakaa akitutazama. Sauti ilikuwa yake, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu ilitoka kwenye uso nisioujua. Bibi akamhoji. Mbuzi wetu mweusi alikufa kwa nini? Nani alikuchoma na kijinga cha moto? Alijibu yote sawasawa.

"Hata wao hujua majibu," bibi akaninong'oneza. "Wa kwetu kachukuliwa msukule, yuko mashambani kwa watu analima. Huyu wametuachia tu."

Safari hii sikumcheka. Hata mdogo wangu nikawa namwita "wewe" tu. Nikaanza kuficha vidonge kwenye ufa wa ukuta, siku baada ya siku, bila kumwambia mtu. Nilitaka mdogo wangu arudi, basi, na niliamini, mimi msomi, kwamba dawa ndiyo iliyokuwa ikimlisha yule mwingine.

Na akarudi! Mashavu yalishuka, vinyweleo vikapukutika, na asubuhi moja nikamwona mlangoni ni yeye kabisa, na kidevu chake kilekile. Nikamkumbatia nikilia kwa furaha. Mama akachinja kuku. Mdogo wangu, ambaye leo ni mama wa watoto wanne, husema hapo natia chumvi, kuku yule alikufa mwenyewe kwa ugonjwa wa mdondo. Juma lililofuata alisimama uani akicheka, jua likimpiga usoni, nikaona weupe wa macho yake umeanza kugeuka.

Hospitali nilisema yote, mbele ya mama. Daktari hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye faili, akavua miwani.

"Sasa sina shaka tena," alisema. "Umeacha dawa, ugonjwa umerudi. Ndio wenyewe."

Nilitamani anichape.

Mdogo wangu akaanzishiwa dawa upya, vidonge vingi kuliko vya kwanza. Nilimpelekea kitandani, nikijua ni yule mwenye uso wa duara ninayemwita arudi. Alivimeza kimoja kimoja bila kunung'unika, akanirudishia kikombe.

"Nilijua ulikuwa hunipi, dada," akasema.

"Mbona hukumwambia mama?"

"Ulikuwa umeanza tena kuniita jina langu."