Nira ya Pamba na Serikali

Mwezi uliopita nilikuwa natoka msibani upande wa Ushirombo, mvua ikatukuta njiani, na kijana wa bodaboda akaona heri tujikinge kwenye geti la shule. Kati ya mageti yote ya duniani akachagua lile. Nilikuwa sijalikanyaga tangu nina miaka kumi na tano, na sasa mvi zimefika mpaka kwenye ndevu. Mlinzi, kijana mdogo tu, akaniambia mzee sogea huku barazani usilowe. Nikamsalimia mwangaluka, akanijibu shikamoo. Kisukuma chenyewe hakijui.

Baraza lile lilikuwa la bweni letu, Manonga. Ila siyo Manonga tena. Juu ya mlango wameandika kwa rangi ya bluu, herufi kubwa kama za duka: BWENI LA DEO. Na chini ya jina wametundika nira.

Kama umekulia mjini, rafiki yangu, nira ni ule mti unaolazwa shingoni mwa ng'ombe wawili ili wavute plau pamoja. Ile ya ukutani niliitambua kabla sijaisogelea. Upande mmoja umechongwa zaidi kuliko mwingine, na aliyeuchonga ni mimi, kwa panga la jikoni, kwa sababu shingo ya Serikali ilikuwa nene. Serikali alikuwa ng'ombe. Mwenzake aliitwa Pamba. Pamba alikuwa mwepesi, ukimwita tu anakuja. Serikali haendi mpaka umsukume, ndiyo maana wavulana walimpa jina hilo.

Nilisoma sekondari mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe nililala humo Manonga, kitanda cha juu, karibu na mlango. Mama alinifungia sanduku la bati lenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akaniambia nisile yote wiki ya kwanza. Niliimaliza wiki ya kwanza. Asubuhi waligonga ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, sisi njuka wa kidato cha kwanza tunadeki, halafu mlezi wa bweni anapita anapapasa vitanda kwa kidole, akiona vumbi mnadeki upya. Uji hauna sukari. Mchana ugali na maharage, jioni ugali na maharage, na wadudu wa maharage tuliwaita nyama. Bado nayasikia masufuria yale yakikwanguliwa, na harufu ya moshi wa kuni mbichi, na kelele za wavulana sitini wanaopigania bomba moja. Ningerudi hata leo, nikadeki.

Jirani yangu, kitanda cha chini, alikuwa Deo. Baba yake alikuwa na duka Kahama mjini. Deo alikuja na tranka lenye kufuli, viatu jozi mbili, sukari ya kwake na Blue Band. Nilidhani atakuwa mchoyo, na ningeshukuru angekuwa mchoyo. Hapana. Alimwekea sukari kila aliyenyoosha kikombe. Kiingereza alikiongea kama anacheza, mpira anacheza, akiimba kanisani mpaka padri anageuka kumtazama. Miezi miwili haikuisha wakamfanya kiranja wa bweni. Mimi darasani nilikuwa mzigo. Mwalimu wa Kiingereza akiniuliza kitu, darasa zima lilikuwa linajiandaa kucheka kabla sijafungua mdomo.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja, nacho ni ng'ombe. Kwetu nilianza kuwaswaga sijaota meno ya mbele mara ya pili. Shule ilikuwa na shamba la pamba na mahindi, na kila bweni lilikuwa na ng'ombe wake wawili wa plau, ambao pia walikokota mapipa ya maji kutoka lamboni. Mlezi wetu aliniona siku moja nikimtoa Serikali kwenye tope kwa kumsemesha tu, bila kiboko. Akaniita pembeni.

"Sikiliza wewe," aliniambia. "Kichwani hamna kitu, hilo tunalijua wote. Ila mtihani wa mwisho wa mwaka ukikushinda, anayeongoza plau ya bweni siwezi kumwachia aondoke. Utarudia darasa. Shika hao ng'ombe."

Basi nikawashika. Umeona nilichokuwa nimekishika? Hakikuwa ng'ombe. Ilikuwa shule yenyewe. Wavulana waliniita Bwana Ng'ombe, wakipita wanalia kama ndama, mimi naona sifa.

Halafu Deo akataka kujifunza. Alinijia na mkate uliopakwa Blue Band pande zote mbili, akasema kaka, nifundishe na mimi, baba anasema nina mikono ya karani. Nikamfundisha. Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko yote niliyofanya maishani, na nimefanya mengi. Nilimwonyesha kila kitu. Nilimwonyesha kwamba ng'ombe akishazoea upande mmoja humbadilishi. Serikali ni wa kulia, anakanyaga ndani ya mfereji uliolimwa, Pamba ni wa kushoto, anakanyaga ardhi ngumu. Ukiwageuza wanapigana mabega, na plau inatembea kama mlevi. Deo alisikiliza, akawa anawaletea chumvi mfukoni. Kufika mvua za kwanza za Novemba, Pamba akiitwa na sisi wawili alikuwa anamwendea Deo. Mke wangu aliniacha miaka ile nikichimba dhahabu Buseresere, na nakuambia haikuniuma vile.

Mabweni yalikuwa na mashindano ya kulima kabla ya mitihani. Bweni linalowahi kumaliza na mistari imenyooka linapikiwa nyama, mengine yanakula maharage yakinusa. Mwaka ule walialikwa wageni, na mlezi akatangaza mbele ya bweni zima kwamba plau ya Manonga itashikwa na Deo, kwa sababu wageni wakiuliza swali ataweza kuwajibu. Mimi nitafunga nira. Akasema hivyo na tabasamu. Namtaja hapa, ingawa ni marehemu: mlezi wa bweni ndiye wa kwanza aliyenitoa shule.

Asubuhi ile nikafunga nira. Nikamweka Pamba kulia, Serikali kushoto. Hakuna aliyeniona, na angeniona asingejua. Nilitaka mistari ipinde tu, wageni wacheke, mlezi anitafute kwa macho, anikabidhi plau.

Firimbi ikalia. Hatua kumi hazikufika, Serikali akamlalia mwenzake, plau ikaruka nje ya mfereji, ikamvuta Deo akaanguka kifudifudi kwenye tope. Watu wakacheka, ndiyo, kama nilivyotaka. Deo akainuka. Hakuwapiga ng'ombe. Akasimama nyuma yao, akamtazama huyu, akamtazama yule, halafu akageuza kichwa akanitazama mimi. Nikaangalia chini. Akawafungua taratibu, akawabadilisha, akafunga upya, akalima. Mistari ilinyooka kama kamba. Tulikuwa tumeshachelewa, tukawa wa pili.

Wavulana walikasirika, nyama ya mwaka mzima imeponyoka. Mlezi akauliza nani amefunga nira vibaya. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

"Ni mimi, mwalimu," Deo akasema. "Nilikuja kuwagusagusa asubuhi, nikawachanganya. Mnisamehe jamani."

Unajua walifanya nini? Walimbeba. Tope lote lile, wakambeba mabegani mpaka bwenini, wanaimba. Ningesema mimi, ningekula makofi mpaka Krismasi. Hata kosa langu alilichukua yeye, nalo likampendeza.

Mtihani ulinishinda. Nilimkumbusha mlezi maneno yake, akasema nafasi ya plau ina mtu. Siku nafunga sanduku langu la bati Deo akaja akakaa kwenye kitanda chake.

"Nitamwambia sitaki ng'ombe," akasema. "Nitamwambia ni wako."

"Na ile nira utamwambia nani aliifunga?"

"Hiyo ilishaisha."

"Usinionee huruma, Deo. Kaa na ng'ombe wako."

Akanyoosha mkono, sikuupokea. Nikachungulia dirishani, nikaona Pamba na Serikali wamefungwa kwenye mapipa ya maji, wananisubiri bila kujua zamu imebadilika. Kutoka pale nikaenda machimboni, na huko Geita nimetolewa hai kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, lililobomoka, mara mbili, vidole vitatu nikaviacha chini. Deo akawa na malori, akaezeka bweni upya, akanunua magodoro. Watu husema ana moyo. Najua ana moyo. Hilo ndilo linaloniuma.

Mvua ilipungua. Nikamwuliza mlinzi ng'ombe wa shule wako wapi, akacheka, akasema mzee, siku hizi ni trekta la kukodi, na pamba hailimwi. Lambo limefukiwa, maji ni ya bomba. Wavulana wanaletewa chipsi getini. Ringi ya gari imeondolewa, wanasikia kengele ya umeme. Michembe hajawahi kuiona ikiingia na sanduku. Nikamwuliza mwenye bweni huwa anakuja?

"Kila mwaka. Hiyo nira aliitundika mwenyewe, hataki tuiguse. Anasema imekaa sawasawa."

Nikaitazama. Ilikuwa sawasawa kweli, upande wa Serikali kulia. Nikamtuma mlinzi anichungulie kama kijana wangu wa bodaboda yuko tayari. Alipotoka nikapanda juu ya ndoo aliyokuwa ameikalia, nikaishusha nira kwenye misumari kwa vidole vyangu saba, nikaigeuza. Serikali kushoto, Pamba kulia.

Mlinzi hatagundua. Wavulana hawatagundua, wala walimu. Atakuja mtu mmoja, atasimama pale, atamtazama huyu, atamtazama yule, na atajua ni nani alipita.