Kompyuta na Jani la Isale

Juzi, kwenye kliniki moja ya ushauri nasaha hapa Moshi, binti mtafiti alimwambia mama mmoja wa Old Moshi: "Shikamoo mama. Kompyuta imesoma mazungumzo yako na mshauri wako. Inasema hamwelewani, bora tukubadilishie mshauri."

"Kwa nini?"

"Ulimfokea, na hukumwomba msamaha."

"Nilimwekea jani la isale mezani, akalipokea. Kwetu Wachagga isale ndiyo kuomba msamaha; ukishaipokea, yameisha!"

"Kompyuta inasoma maneno tu, mama."

Mama akajiweka sawa kitini, akakaza kanga. "Basi liandike hilo jani. Yule mshauri simwachi, na hapa sitoki."

Binti akaandika.

Mimi niliyekuwa nasubiri zamu yangu pale nimejifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo hiyo kompyuta siilaumu. Ukishazijua herufi, unadhani kila kitu kimeandikwa.