Vidole vya Nyanya

Leo binti yangu amemwaga chupa ya wino wa muhuri mezani, na ile harufu kali imenirudisha mtaani Shika Adabu, ofisini kwa chifu, mwaka ambao nchi nzima ilikuwa ikijiandaa kuipigia kura katiba mpya.

Redioni na barazani hapakuwa na habari nyingine. Nyanya yangu naye alitaka kupiga kura, ila hakuwahi kuwa na kitambulisho, wala hakujua kusoma. Nikaenda naye nimsomee fomu.

Karani alimpaka wino vidoleni, akavikandamiza kwenye karatasi. Yakatoka madoa meusi matupu, hayana mstari hata mmoja. Akarudia mara tatu.

"Nyanya, vidole vyako havina alama. Bila alama siwezi kukuandikisha."

"Ni makuti ya kuezekea yaliyovila, mwanangu. Nimeyashona tangu ni msichana."

Nilivitazama vile vidole kama sijapata kuviona. Vyangu vilikuwa na duara ndani ya duara. Nikajiuliza alama zake zilikwenda wapi, na kama mtu aweza kufutika hivyo angali hai.

"Na hiki je?" nikauliza, nimeshika kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho kilikuwa hakijapakwa wino.

Karani alikipangusa, akakipaka wino taratibu. Mistari ikatokea, myembamba, imejipinda.

"Hiki kitatutosha," akasema.

Nyanya aliiinamia ile karatasi.

"Wallahi," akasema, "kumbe na mimi nina mwandiko wangu."