Gari la Baba, Kama Kwenye Televisheni

Baba hakuwaamini wale mafundi wa kwenye televisheni hata siku moja. Kila siku baada ya swala ya alasiri alivuta kiti chake cha plastiki mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa limeshakufa na la kushoto lilikuwa linafuata. Kisha tuliangalia pamoja vile vipindi vya kufufua magari ya zamani, na yeye akawa anabishana navyo.

"Hebu muone huyo," aliniambia. "Nati ina kutu ya miaka hamsini, anaizungusha mara moja, imetoka. Wameilegeza jana, leo wanaigiza. Na kucha zake nyeupe! Fundi gani huyo?"

Alikuwa dereva maisha yake yote, alijua anachosema. Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa mjinga wa magari. Nilisubiri ile sehemu ya mwisho tu: gari limefunikwa kitambaa, mwenyewe analetwa, kitambaa kinavutwa, anaziba mdomo kwa mikono miwili na kulia, watu wanapiga makofi. Nililia naye kila mara. Baba alinicheka mpaka akakohoa.

Gari lake mwenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale Ujiji, pikapu ya kijani ambayo kuku walishaifanya nyumba yao. Alibeba nayo dagaa na migebuka kutoka mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, kwenda Kasulu, akarudi na maharage. Bati linalofunika tairi la mbele kushoto lilibonyea siku alipokwepa mbuzi akagonga jiwe pale Kidahwe, na hakulinyoosha. Siti ya dereva ilipochanika, mama, Mungu amrehemu, aliisuka upya kwa kamba za nyavu chakavu. Na kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, baba alilipaka gari zima mashapo ya mawese, yale mazito yanayobaki chini ya dumu, bati lote, ndani na nje. Alisema chumvi ya samaki inakula bati lakini mawese inayaogopa. Tulimtania kwamba analikaanga gari. Lilinuka mawese hata lilipoacha kutembea, na mtu aliyeliegemea alirudi kwake na shati la rangi ya chungwa.

Siku niliyompeleka hospitali kupimwa macho, daktari alinivuta pembeni. Alisema hiyo ni presha ya macho, dawa ya matone inachelewesha tu, na kama kuna kitu mzee anatamani kukiona, tusikicheleweshe. Njiani nikamuuliza baba, kwa ujanja, kama soga tu, angependa kuona nini. Nilidhani atasema Makka.

"Ningeliona lile gari linateremka ziwani," akasema. "Nilioshe kama zamani. Basi."

Hapo ndipo kichwa changu kilipojaa televisheni. Nilimtafuta fundi mmoja wa Bangwe, mtu wa makamo anayetengeneza magari na injini za boti. Tukalivuta gari kwa kamba mpaka kwake. Baba nilimdanganya kwamba tunajenga upya ukuta wa choo, kwa hiyo gari limesogezwa kwa jirani lisiangukiwe na matofali. Nilitaka iwe siri. Kwenye televisheni siku zote ni siri.

Kila asubuhi baba aliuliza, "Ukuta bado?"

"Bado, baba. Mafundi wa siku hizi unawajua."

Kwa fundi wa Bangwe hakuna nati iliyotoka kwa mzunguko mmoja. Nyingine zilikatwa kwa msumeno. Kuna siku nilimkuta amekaa chini, ameegemea tairi, anafunga kitambaa kwenye vidole vilivyochubuka. Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi, na mwezi haujaisha akanipigia simu nikiwa nakata sare za shule.

"Dada, sikiliza," akasema, na nyuma yake nikasikia mngurumo. "Imewaka. Inatembea na breki inashika. Mlete mzee aone."

Nilikwenda. Injini ilikuwa inaunguruma kweli, lakini gari lilikuwa lile lile, kijani cha kubabuka, kinyesi cha kuku kwenye boneti, bati limebonyea. Nikaona aibu, wallahi. Nikasema, "Bado. Halijapakwa rangi."

"Mzee anataka rangi au anataka gari?"

"Wewe umeona wapi mtu anakabidhiwa gari namna hii?" nikamjibu, kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekesha na ile injini. "Piga rangi kwanza."

Siku ile jicho la baba lilikuwa bado linafanya kazi. Asubuhi yake alinionesha kwamba nimevaa kanga nje ndani. Kutoka Ujiji hadi Bangwe si safari. Ningemchukua kwa bodaboda, akaona, ikaisha. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi kuliko idadi ya swala zangu, na silipatii dawa.

Fundi alipuliza rangi Jumatatu. Jumanne ilikuwa imevimba malengelenge mlango mzima, na ukiigusa inajivua kama utando wa maziwa. Akasugua kwa msasa, akapuliza tena. Ikajivua tena. Akalaumu rangi, akabadilisha rangi. Wiki mbili zikaenda hivyo, mpaka alipoweka bati juani na kuona matone ya rangi ya chungwa yanachuruzika kwenye maungio.

"Hili gari lina nini?" akaniuliza. "Linatoa jasho."

Mawese. Na mimi nililijua hilo tangu nikiwa sina meno ya mbele! Nililijua na sikulisema, kwa sababu kwenye televisheni rangi inashika tu, matangazo yakiisha gari linang'aa. Na mtu mmoja ambaye angetuambia tangu mwanzo alikuwa ameketi nyumbani, anadanganywa habari za ukuta wa choo.

Ikabidi bati lote lioshwe kwa petroli na thina, likwanguliwe mpaka liwe jeupe. Nikaona ikiwa tumefika huko, tumalize kabisa. Nikaagiza lile bonde la kwenye bati, la Kidahwe, lijazwe puti na kunyooshwa. Siti nikaishona mwenyewe, kwa ngozi bandia nyeusi yenye uzi mwekundu, mishono imenyooka. Zile kamba alizosuka mama nikazikata kwa mkasi wangu wa kazini, nikazitupa kwenye pipa pamoja na mabaki ya vitambaa. Niliona nafanya vizuri. Nilikuwa naimba.

Nyumbani baba alianza kumimina chai pembeni ya kikombe. Alisema meza imepinda. Akaacha kunikosoa kanga zangu. Mimi nilijiambia wiki moja tu, wiki moja tu.

Kisha alasiri moja tulikuwa tumekaa kama kawaida, kipindi kinaendelea, na simu yangu ikaita. Nikazima sauti ya televisheni ili nisikie. Alikuwa fundi, ananiambia rangi imeshika. Nilipomaliza kuongea nikamwona baba ameinua uso, anasubiri.

"Umeme umekatika?" akaniuliza.

Kwenye kioo, hatua moja kutoka puani pake, gari jekundu lilikuwa linang'aa kama jipya.

Nikamwambia ego, ndiyo baba, umekatika. Nikazima swichi ili uwe umekatika kweli. Nikaenda jikoni nikajiuma mkono.

Ningeweza kuacha pale pale, lakini kitambaa kilikuwa kimeshashonwa, ndugu walishaalikwa, na mtu aliyeshindwa anakuwa mbishi. Tulifanya Jumamosi, nyuma ya nyumba. Mjomba alishika simu kurekodi. Nilimtoa baba nimemshika kiwiko, kwa sababu hakuweza kuficha tena kwamba haoni. Mimi nikavuta kitambaa. Watu wakasema "Maashallah!" kwa pamoja, na lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo, kijani kama jani la mgomba baada ya mvua.

"Baba, nyoosha mkono."

Akanyoosha. Kiganja kikapita juu ya boneti, kikashuka upande wa kushoto, kikatafuta. Kikapita mahali lilipokuwa bonde, kikarudi, kikapita tena. Akafungua mlango, akaingiza mkono kwenye siti, akapapasa. Akasogeza uso kwenye bati na kunusa.

"Zuri sana," akasema kwa adabu. "La nani hili?"

"Lako, baba. Tumekutengenezea."

Akatabasamu, tabasamu la mgeni aliyeambiwa utani asiouelewa. Nikapata wazimu, nikamwashiria fundi awashe. Injini ikakohoa mara mbili, kama ilivyokohoa miaka yote ya utoto wangu alfajiri ya safari, ikashika.

Uso wa baba ukabadilika. Aliijua. Akasimama wima, akasikiliza, mkono wake bado uko kwenye ile siti yangu ya mishono iliyonyooka.

"Hiyo injini ni yangu," akasema. "Mmeifunga kwenye gari la nani?"

Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akalia. Ndugu waliokuwa mbali, ambao hawakusikia neno kwa sababu ya mngurumo, wakaanza kupiga makofi, na wengine wote wakafuata. Mjomba alikuwa amesogea karibu na simu, ameupata uso vizuri.

Ile video ipo kwenye simu za ukoo mzima. Injini imefunika maneno yote. Kaka yangu aliye Dar es Salaam aliandika kwamba amelia, kwamba ni kama kwenye televisheni kabisa. Ni kweli. Hakuna tofauti. Sasa nikiona kipindi na mzee wa watu analetwa mbele ya gari lake, siangalii gari. Naangalia mikono yake inatafuta nini, na mara nyingi wanakata picha kabla sijaona.

Tuliteremka nalo ziwani mara moja. Baba alikaa ndani ya gari mpaka tukamaliza kuliosha. Hakuomba kushuka alioshe mwenyewe.

Siku hizi kila Ijumaa asubuhi nachota mashapo ya mawese kwenye kopo, nachukua kitambaa, naipaka ile rangi mpya, boneti, milango, mpaka chini. Hayaingii. Yanateleza juu ya ile rangi na kudondoka mchangani, kuku wanadonoa. Najua hayaingii na napaka. Kisha namtoa baba, naweka kiganja chake kwenye bati, naye anakisogeza puani huku nikimuuliza kama limekuwa lake. Ananusa kwa muda mrefu, kwa haki, kama mtu anayetaka sana kunisaidia.

"Bado," anasema.