Njuga Iliyozibwa kwa Jani la Mgomba

Vestina alikuwa mkulima wa maharage katika kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi. Waliomfahamu walisema hakuwa mtu wa maneno mengi. Akilisema jambo mara moja, limekwisha. Lakini jambo la mbwa alilisema mwaka mzima.

Mbwa huyo aliletwa na shemeji yake, Ildefonsi, mwishoni mwa mwaka 1993. Ildefonsi alikuwa kaka wa mumewe, Sylvesta. Ndugu hao wawili walikimbia Burundi mwaka 1972, wakavuka mto Malagarasi, Sylvesta akiwa mtoto wa miaka mitano mgongoni kwa kaka yake. Walikulia Kasulu. Baadaye Ildefonsi akarudi Burundi kutafuta shamba la baba yao, akaoa huko, akapata watoto wawili. Vita ilipozuka tena, akatokea uani kwa Vestina asubuhi moja, miguu imevimba, peke yake. Nyuma yake alisimama mbwa mwekundu, mwembamba, asiyebweka.

Hakuna aliyemuuliza habari za mke na watoto. Yeye mwenyewe alieleza mara moja tu, wakiwa wanakula. Alisema alikaa porini wiki tatu, na kila vishindo vya watu vilipokaribia, mbwa alimwamsha kwa pua, kimya.

"Huyu hamshiki aliyesimama," alisema. "Humshika anayekimbia."

Kisha akanawa mikono, na hakulirudia tena.

Mbwa hakuwa na jina. Ildefonsi alimwita kwa kugonga paja lake kwa kidole, mara mbili, naye alikuja. Kwa mtu mzima atembeaye taratibu alikuwa kama kivuli tu. Lakini mtoto gani hutembea taratibu? Ndani ya miezi michache alikuwa amemuua mbuzi wa jirani na kuichana kaptula ya Ndayikeza, mtoto wa kwanza wa Vestina, aliyekuwa akikimbiza tairi. Mdogo wake, Akimana, alikuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka minne, umri ambao miguu haijui kwenda isipokuwa mbio.

Vestina alimwambia mumewe achague, mbwa au watoto.

"Mama Ndayikeza," alisema Sylvesta, "mgongo ulionibeba nitaufukuza kwa mdomo upi?"

Wakaitwa wazee wa ukoo, wakaketi kuzunguka chungu cha pombe ya ndizi. Mzee Ndihokubwayo, baba yao mdogo, alitania kwamba katika wakimbizi wote waliokuja mwaka ule, huyu mbwa peke yake ndiye ambaye hakuomba blanketi. Watu wakacheka. Vestina hakucheka. Alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na njuga ya chuma iliyokuwa ikining'inia darini pamoja na mkuki wa marehemu baba mkwe wake, aliyekuwa mwindaji, vitu viwili ambavyo ndugu hao walivuka navyo mto. Alisema kwa adabu, huku amepiga goti, kwamba kama mbwa hawezi kuondoka, basi na asikike.

Wazee walilipenda shauri hilo. Mbwa akavishwa njuga shingoni, na Vestina akawafundisha wanawe kama anavyofundishwa askari: ukisikia njuga, simama, usilie, usigeuke, mpaka sauti ipite. Wakajifunza. Zikapita wiki, ikapita miezi, na wageni walishangaa kuona watoto wakicheza uani, kisha ghafla wote kimya, wamesimama kama migomba isiyo na upepo, njuga ikipita kati yao.

Siku moja mwezi wa Januari, mwaka 1995, wafanyabiashara waliotoka Manyovu walipumzika kivulini kwa Sylvesta, wakasimulia kwamba ng'ambo ya mpaka risasi zinalia tena. Ildefonsi aliwasikiliza, akaondoka bila kuaga. Alasiri ile watoto walikuwa wakicheza kombolela, mchezo wa kujificha na kutafutana. Akimana alitoka nyuma ya ghala mbio, akicheka, akielekea kugusa mti wa kombolela. Njuga haikulia. Vestina alisikia kicheko kikikatika, na alipofika mbwa alikuwa tayari amemwachia mtoto, amesimama pembeni, anahema. Shavu la kushoto lilikuwa limepasuka mpaka karibu na sikio.

Alimfunga mtoto mgongoni na kwenda naye zahanati, huku damu ikipenya khanga na kumlowesha ngozi. Mganga, Bwana Mudathiri, aliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Kisha akamweleza Vestina kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imekwisha. Ataiagiza Kigoma, lakini hajui itafika lini.

"Mbwa yuko wapi?" aliuliza.

"Nadhani wameshamuua."

"Kimbia, mama. Mbwa asiuawe. Mfungeni, mmtazame siku kumi. Akila na kunywa mpaka siku ya kumi, hakuwa na ugonjwa alipomng'ata, na mtoto yuko salama. Akifa kabla ya siku hiyo, tumwombe Mungu chanjo iwe imefika."

Vestina alirudi mbio. Alimkuta mumewe na panga mkononi, majirani na marungu, na Ildefonsi ameketi chini, amemshika mbwa shingoni kama mtu anayemshikia mwenzake mnyama wa kuchinjwa. Vestina alipita katikati yao, mtoto bado yuko mgongoni, akasimama mbele ya mbwa.

"Asiguswe," alisema.

Ndivyo yule ambaye mwaka mzima alitaka mbwa aondolewe alivyogeuka mtu wa kumwombea uzima. Mbwa alifungwa kwenye nguzo ya ghala. Kila asubuhi Vestina alimpelekea ugali na vichwa vya dagaa, akachuchumaa mbali kidogo kumtazama akimeza. Alitazama mate yake. Alitazama jinsi anavyoyapokea maji. Kisha aliingia ndani kumtazama mtoto naye akinywa maji, na moyo wake ukawa unakwenda na kurudi kati ya bakuli mbili.

Siku ya tatu, mbwa alipoinama kula, Vestina alitambua kwamba shingo yake inatikisika na njuga hailii. Alinyoosha mkono, taratibu sana, akaishika. Ndani yake mlikuwa na jani kavu la mgomba, limekunjwa na kushindiliwa kwa ustadi, kama wawindaji wazibavyo njuga za mbwa wao wanaponyemelea mawindo porini. Akalitoa, akalitia katika pindo la khanga. Hakumwambia mumewe. Alijua kuna maneno ambayo yakishasemwa, ndugu hawawezi tena kula sahani moja.

Siku ya saba mbwa alikataa chakula. Vestina alikaa mbele yake tangu asubuhi, akamsogezea bakuli, akamsemesha kwa Kiha kama anavyosemeshwa mgonjwa. Jioni Ildefonsi alirejea kutoka Mtabila, alikokwenda kutazama kama katika waliowasili kambini kuna anayemfahamu. Hakumpata hata mmoja. Aligonga paja mara mbili, na mbwa akala. Vestina akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Siku ya kumi mbwa alikuwa hai. Chanjo haikuwa imefika, na haikuhitajika tena. Vestina alimkuta shemeji yake ghalani, akafungua pindo la khanga.

"Shemeji, jani lako hili hapa."

Ildefonsi alilitazama. "Nilisikia bunduki."

"Hapa hakuna aliyesikia bunduki."

"Mimi nilisikia," alisema. "Nikaona njuga itatutaja tulipo. Nikaiziba ili wewe na watoto mpone."

Ildefonsi hakungoja jibu. Alichukua mkuki wa baba yake, akamfungua mbwa, wakashuka bondeni, mtu mbele na mbwa nyuma. Alirudi bila mbwa, akavirudisha mkuki na njuga darini mahali pake.

Akimana alipona, akabaki na kovu. Alipoanza shule mwaka 1998, mwalimu alimwita Vestina akamlalamikia kwamba mtoto ni mkaidi. Rimu ya gari inayotumika kama kengele inapogongwa, wenzake wote hukimbilia mstarini, naye husimama pale pale, hageuki, mpaka sauti iishe, na hata baada ya hapo hasogei. Vestina alilisimulia nyumbani. Aliyejitolea kumpeleka mtoto kila asubuhi ni Ildefonsi.

Siku moja Vestina, akielekea shambani, alipitia karibu na shule ili aone. Rimu ikalia. Watoto wakatimka, vumbi likatanda, na katikati ya uwanja mwanawe akabaki amesimama. Ukingoni mwa uwanja alisimama Ildefonsi. Sauti ilipokwisha, aligonga paja lake kwa kidole, mara mbili, na Akimana akaanza kutembea.

Vestina alisimama njiani na jembe begani, wala hakujua kama amshukuru Mungu au aogope.